Mapigo ya mama yametulia, tuache dawa ipi?

Assalaam alaykum dada mfamasia, na shikamoo.

Naandika kwa ajili ya mama yangu. Ana miaka 56, tunaishi Pangani. Mwaka jana baada ya Idi kubwa alianza kuchoka bila kazi. Ngazi tatu za barazani akizipanda lazima asimame avute pumzi, na mwenyewe akawa analalamika kuwa moyo unakimbia, unakatika, unakimbia tena. Tulimpeleka hospitali akapimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, na eko, ile picha ya moyo. Mapigo yalikuwa 148 kwa dakika, tena hayana mpangilio. Tukaambiwa valvu moja ya moyo imekaza, ni athari ya ugonjwa wa utotoni ambao hata hakujua kama aliupata, na chumba cha juu cha moyo kimetanuka. Alirudi na dawa nne: bisoprololi, digoksini nusu kidonge kwa siku, warfarini kila jioni na furosemidi asubuhi. Akatakiwa kupima damu kila mwezi.

Alhamdulillahi, akapata nafuu. Akarudi kwenye ukili wake na mikeka yake, na harusi mbili alikwenda. Vurugu zikaanzia hapo.

Warfarini ameiacha, sasa ni wiki ya tatu. Kijana wa jirani alisoma kwenye simu kwamba ni sumu ya panya, akamsomea mama kwa sauti barazani watu wakisikia. Na kusema kweli, nauli ya kwenda Tanga kila mwezi pamoja na kipimo vinatuelemea. Mama anasema, "Moyo wangu haukimbii tena, sumu naimeza ya nini?"

Bisoprololi nayo ilikosekana duka la huku, muuzaji akatupa propranololi. Alisema ni dawa zile zile na hii bei yake ni nafuu. Mama ana pumu tangu usichana wake, ilikuwa imemwacha miaka mingi, ila siku hizi usiku anakohoa na kifua kinabana. Kwa kikohozi hicho tukauziwa erithromaisini. Digoksini vidonge vyake ni vidogo mno, ukivikata vinasagika, basi siku hizi anameza kizima. Naona haidhuru kwa kuwa ni kidogo.

Mjomba wangu yuko Maskati, naye moyo wake unakimbia. Anatumia rivaroksabani, anasema haina kupima damu wala kuchagua mboga, yuko tayari kututumia ya miezi sita. Shangazi kwa upande wake anataka mama apelekwe Lushoto kwa mtaalamu wa miti shamba, maana za hospitali ukizianza huzimalizi.

Sasa dada, kwa kuwa mapigo yametulia, ipi kati ya hizi tunaweza kuiacha? Tukubali ya mjomba? Na Ramadhani atafunga? Halafu samahani, hili si kubwa: mama hana hamu ya chakula, asubuhi anatapika, na anasema taa ya barazani ina duara la njano. Nadhani ni macho ya utu uzima.

Binti wa Pangani

*

Waalaykumu salaam, na marahaba mwanangu.

Mimi na wewe tulikwisha zungumza kwa simu, na mama alifikishwa hospitali siku ile ile. Haya ya leo ni ya kukusaidia huko mbele, wewe na wasomaji wenye mzee wa namna hii nyumbani.

Naanza na ulilolitaja mwisho ukaliombea samahani. Mtu anayemeza digoksini akikosa hamu ya chakula, akatapika, na akaanza kuona njano kwenye taa, hatusingizii macho. Tunadhani kwanza dawa imezidi mwilini, tunaisimamisha, tunakwenda kupima ECG, figo na madini ya damu siku hiyo hiyo. Digoksini iliyozidi huweza kuuchelewesha moyo mpaka mtu akazimia, na huweza pia kuurusha vibaya zaidi ya ulivyokuwa mwanzo.

Kwa mama sababu zilirundikana. Kidonge cha kawaida cha digoksini ni miligramu 0.25. Daktari alisema nusu, yeye akawa anapata mara mbili yake. Udogo wa kidonge usikudanganye: kidonge cha panado kina miligramu 500, yaani uzito wa dawa iliyomo ni mara 2,000 ya ile iliyo kwenye digoksini, na bado digoksini ndiyo ya kuogopwa. Erithromaisini nayo huongeza kiwango cha digoksini kwenye damu. Halafu furosemidi, ile ya kukojoa, hutoa potasiamu mwilini, na potasiamu ikipungua moyo unaumizwa na digoksini hata kwa kiasi ambacho jana ulikistahimili. Nunueni kikata vidonge, ni kijisanduku cha plastiki chenye wembe ndani, bei yake si kubwa. Na kabla hamjaanza kumnywesha madafu kwa wingi kurudisha potasiamu, ulizeni matokeo ya figo. Madafu yana potasiamu nyingi kweli, lakini figo zikiwa zimechoka hiyo potasiamu haitoki, na ikizidi inasimamisha moyo.

Sasa swali lako lenyewe. Umeuliza ipi iachwe kwa kuwa mapigo yametulia, na nikilisoma naona nyumbani kwenu dawa zote mnazihesabu kuwa za kazi moja: kupunguza mbio. Si hivyo. Katika ugonjwa wa mama vyumba vya juu vya moyo havipigi tena, vinatetemeka. Umeme unaovuma mle ndani unaweza kufika mishtuko 350 mpaka 600 kwa dakika. Bahati yetu ni kwamba kati ya vyumba vya juu na vya chini pana kituo kimoja kinachopitisha sehemu tu ya mishtuko hiyo, ndiyo maana mlihesabiwa 148. Bisoprololi na digoksini hufanya kazi pale kituoni: zinaruhusu michache zaidi ipite. Mapigo yanashuka, vyumba vya chini vinapata nafasi ya kujaa damu kabla ya kuisukuma, mama anapumua, anasuka mkeka. Huko juu mtetemo unaendelea kama ulivyokuwa siku ya kwanza.

Na hapo penye mtetemo ndipo damu inapotuama. Maziwa yakiachwa yametulia kibuyuni yanaganda, na damu kwenye kifuko cha pembeni cha chumba cha juu cha kushoto tabia yake ndiyo hiyo. Bonge likijiunda, likachomoka, linakwenda zake kwenye ubongo, na mtu anaamka mkono umelala na mdomo umekwenda upande. Mtetemo wa namna hii huongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano hata kwa mtu ambaye valvu zake ni nzima. Kwa mwenye valvu iliyokaza kama mama, hatari ni kubwa zaidi ya hapo. Bisoprololi haizuii hilo. Digoksini haizuii. Katika zile dawa nne ni warfarini peke yake inayozuia, na ndiyo aliyoichagua kuiacha.

Yule kijana wa barazani hakusema uongo. Warfarini ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948 huko Marekani, na mwaka 1954 ikaidhinishwa kutibu watu. Panya hula nyingi bila kipimo, wanavuja damu kwa ndani. Binadamu hupewa kidogo, na damu yake hupimwa. Kipimo hicho ndicho kile cha kila mwezi kinachowatoa nauli, INR, na kwa mama kinatakiwa kisome kati ya 2 na 3. Chini ya 2 damu inaganda, juu ya 3 mtu anaanza kukaribia kuvuja. Dawa hii bila kipimo ndiyo yenye sumu, na katika hilo jirani yenu na mimi tunakubaliana. Ila amuulize na daktari wake siku nyingine kabla ya kuhutubia baraza.

Kwa kuwa mama ameiacha kwa wiki tatu, asiirudie mwenyewe, na wala asifidie kwa kumeza viwili viwili. Erithromaisini ile ile iliyopandisha digoksini huikuza na warfarini. Daktari atapima INR, ataamua aanze na kiasi gani, na mtapima tena mapema kuliko mwezi. Vipimo vikishatulia na kukaa pale pale, muulizeni kama safari zinaweza kupungua. Mara nyingi inawezekana. Kuhusu mboga, hakuna aliyemkataza kisamvu wala matembele. Anachotakiwa ni kula kwa kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, asikae siku kumi bila jani halafu akafululiza mchicha kutwa mara mbili. Cha kuogopa zaidi kuliko mboga ni dawa za dukani: diklofenaki ya magoti, aspirini, metronidazoli ya tumbo, Septrin. Kila mojawapo inaweza kumtoa damu mtu wa warfarini. Akiumwa kichwa panado inamtosha, kwa kiasi cha kawaida na si kwa wiki nzima.

Mama akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, au akianguka akagonga kichwa, ni hospitali, hata kama anajiona mzima. Uso ukipinda, mkono ukilegea, au maneno yakianza kukokoteka, ni hospitali hata kama yamerudi sawa baada ya dakika kumi. Hapo msimkande, msisubiri asubuhi.

Nije kwenye propranololi. Ni kweli zinatoka ukoo mmoja na bisoprololi, na zote mbili hupunguza mbio za moyo. Lakini bisoprololi huelekea zaidi moyoni, wakati propranololi haichagui: inafunga na vipokezi vile vya kwenye njia za hewa ambavyo dawa ya pumu ya kuvuta huvitegemea. Kwa mwenye pumu hiyo ni dawa ya kukwepwa kabisa. Kikohozi cha usiku na kifua kubana havikuwa maambukizi, kwa maoni yangu, na erithromaisini haikuwa na kazi pale. Angalieni mlolongo wenyewe: dawa moja iliyobadilishwa dukani imeleta kikohozi, kikohozi kimeleta antibayotiki, antibayotiki imepandisha digoksini. Muuzaji akikwambia "ni zile zile", mwambie akuandikie jina la ile anayoitoa, umpigie daktari au mfamasia kabla hujalipa. Hata bisoprololi yenyewe, mwenye pumu huianza kwa kiasi kidogo na kwa kuangaliwa. Na dawa za ukoo huu hazikatwi ghafla siku moja, kwa sababu moyo huweza kurudi kukimbia kwa hasira. Bisoprololi ikibaki vidonge vya wiki mbili, anzeni kuitafuta. Msisubiri paketi iishe.

Jifunze kumhesabu mapigo. Weka vidole viwili kifundoni mwa mkono, upande wa kidole gumba, akiwa amekaa ametulia. Kwa watu wengine tunahesabu sekunde 15 tukazidisha kwa 4. Kwa mama usifanye hivyo, mapigo yake hayalingani, hesabu dakika nzima. Mengine ni dhaifu hayafiki mkononi, kwa hiyo idadi yako inaweza kuwa pungufu kuliko ya daktari anayesikiliza kifuani. Madaktari wengi huridhika yakiwa chini ya 110 akiwa amepumzika, kama hana dalili. Yakishuka chini ya 50, au chini ya 60 na kizunguzungu juu yake, usimpe digoksini wala bisoprololi ya siku hiyo mpaka umezungumza na hospitali. Andika idadi hizo kwenye daftari, pembeni andika kila dawa aliyokunywa, na za dukani pia.

Mtauliza, na wengi wameniuliza, kwa nini asipewe dawa ya kurudisha mpangilio wenyewe badala ya kuishi na mtetemo. Zipo, amiodaroni ni mojawapo. Ila ina iodini nyingi, kama asilimia 37 ya uzito wake, huvuruga tezi ya shingoni, huweza kuumiza mapafu na ini, na hukaa mwilini wiki nyingi baada ya kuachwa. Ikiongezwa juu ya digoksini na warfarini, dozi za zote mbili hushushwa. Kwa valvu iliyokaza na chumba kilichokwisha kutanuka, mpangilio ukirudishwa kwa kawaida haukai. Madaktari walijifunza mapema kutoridhika na ECG nzuri peke yake: mwaka 1989 utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, uliokuwa unawapa watu waliopata mshtuko wa moyo dawa za kufuta mapigo ya ziada, ulilazimika kusimamishwa upande wa dawa mbili kati ya zile. Mapigo yalikuwa yamefutika vizuri, na waliomeza dawa wakawa wanakufa zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na kitu.

Kwa wasomaji wengine: kama moyo wako hukimbia ghafla, mapigo yakiwa yamelingana, kisha ukaacha ghafla, wewe si mgonjwa wa aina hii. Huo mara nyingi ni mzunguko mfupi wa umeme, hutulizwa kwa kujikamua huku umebana pumzi, au kwa sindano ya adenosini inayofanya kazi ndani ya sekunde chache na kukupa hisia mbaya ambayo hupita upesi. Usiazime dozi za mama wa Pangani. Na binti mwenye valvu mbovu anayetumia warfarini na anataka mtoto, aonane na daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu dawa hii huweza kumdhuru mtoto akiwa bado anajiumba.

Shangazi mheshimuni, hoja yake ya miti si ya kuchekwa. Digoksini yenyewe imetoka kwenye majani ya ua la Ulaya. Daktari Mwingereza William Withering aliandika habari zake mwaka 1785, baada ya kuisikia tiba ya bibi mmoja wa kijijini aliyekuwa akiwatibu watu waliovimba miili. Na kwinini, ile ya malaria, ina ndugu yake aitwaye kwinidini, wametoka gome moja, ambaye tangu mwaka 1918 alianza kutumika kutuliza moyo huu huu unaotetemeka. Mkwinini ulioteshwa hapo kwenu Usambara, Amani, enzi za Wajerumani. Kwa hiyo mti unaweza kuwa dawa ya moyo, na ndiyo sababu namwogopea mama. Mti wenye nguvu juu ya moyo, ukichanganywa na digoksini na warfarini, bila mtu kujua kiasi, unaweza kumfikisha pale pale alipofikishwa na kile kidonge kizima. Kama lazima Lushoto, iwe kwa matembezi na hewa.

Ramadhani. Warfarini, bisoprololi na digoksini huchukuliwa mara moja kwa siku, kwa hiyo kuhamishia futari au daku si shida, mradi saa isibadilike badilike. Shida ni furosemidi: anakojoa maji, hanywi maji, joto la pwani lipo, potasiamu inashuka. Ametoka tu kwenye digoksini iliyozidi. Maoni yangu ni kwamba mwaka huu asifunge, na ruhusa ya mgonjwa anaijua, imo katika al-Baqara, aya ya 184 na 185. Daktari wake akiona vinginevyo baada ya vipimo, msikilizeni yeye.

Kama kweli dawa za hospitali hazimaliziki, kama alivyosema shangazi, ni jambo la kumuuliza daktari wa moyo, kwa sababu tatizo lilianzia kwenye valvu. Valvu iliyokaza wakati mwingine hutanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa, au hubadilishwa kwa upasuaji. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam wanafanya upasuaji wa valvu. Ulizeni kama mama amefikia hatua ya kupewa rufaa. Huenda akapunguziwa vidonge baadaye, ingawa warfarini mara nyingi huendelea.

Imebaki ya mjomba. Rivaroksabani, nayo ya kuzuia damu kuganda, ni dawa nzuri, na kwa mtu wa mtetemo ambaye valvu zake ziko sawa, kama yeye pengine, ni kweli anaepuka vipimo vya kila mwezi. Lakini mwaka 2022 ulitoka utafiti uliofanywa katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye mtetemo uliotokana na valvu zilizoharibiwa tangu utotoni, sawa na mama. Wengi tulidhani dawa mpya itashinda. Waliotumia dawa za zamani za jamii ya warfarini ndio waliokufa wachache, wala hawakuvuja damu zaidi ya wenzao. Kwa hiyo mwambie mjomba asante sana, vidonge asitume. Bei ya paketi za miezi sita aitume kama ilivyo: itoe nauli ya Pangani mpaka Tanga, ilipe INR, na itakayobaki inunue kile kikata vidonge.